Je, 13-HODE yangu imeharibika?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili na utafiti wangu unahusu makrofaji, seli za kinga zinazomeza takataka mwilini. Nilinunua vichupa vitatu vya 13(S)-HODE, lipidi itokanayo na asidi ya linoleiki ya mafuta ya mimea, kila kimoja kikiwa na mikrogramu 100 ndani ya mikrolita 100 za etanoli. Mzigo ulikwama forodhani siku 4, na nilipoufungua nilikuta barafu kavu imekwisha na dawa yote imekuwa maji. Dawa ya vichupa viwili niliigawa kwenye mirija midogo ya plastiki, mikrolita 20 kila mmoja, nikaihifadhi kwenye friza la nyuzi -20 ambalo kila mtu hulifungua na ambalo umeme ukikatika huzimika. Wiki ya kwanza, kwa mikromola 10 katika midia yenye serumu asilimia 10, seli zangu za THP-1, zinazokuzwa maabara na kugeuzwa kuwa makrofaji, zilionyesha ongezeko zuri la CD36, protini ya juu ya seli ninayoipima. Wiki ya sita sikupata kitu. Nikapandisha kipimo hadi mikromola 20 na kupunguza serumu hadi asilimia 1. Seli zikafa, ilhali zile nilizowekea etanoli peke yake, mikrolita 3 kwa kila mililita kama siku zote, zilibaki hai. Msimamizi wangu anasema dawa imeharibika tununue nyingine, lakini fedha iliyobaki inatosha aina ya rasemiki tu, yaani mchanganyiko wa maumbo mawili ya molekuli hii, S na R. Nimebakiwa na kichupa kimoja ambacho hakijafunguliwa. Nifanye nini? Tena mama, ambaye hulima alizeti Singida, ananiuliza kama mafuta yetu ndiyo hayo yanayoua seli. Nimjibuje?

Jibu: Marahaba. Nimelisoma swali lako mara mbili, na nashukuru kwamba umeandika ujazo, siku na asilimia, kwa sababu bila hizo ningebaki kukupa ushauri wa jumla usiokufaa. Nikikuelewa vyema, unaogopa mambo mawili: kwamba dawa iliharibikia njiani, na kwamba matokeo ya wiki ya kwanza yalikuwa ya kubahatisha. Nionavyo mimi, safari sicho chanzo cha tatizo lako. Kama kuna dawa iliyoharibika, imeharibika baada ya kugawanywa, na vifo vya seli zako vina maelezo mengine ambayo unaweza kuyachunguza wiki hii kwa vifaa ulivyo navyo.

Nianze na lile la dawa kuwa maji, kwa maana ndilo lililokutia hofu ya kwanza. Etanoli huganda inapofika nyuzi 114 chini ya sifuri. Barafu kavu ina nyuzi -78 hivi, na friza lenu lina -20, kwa hiyo dawa hiyo haikuwa imeganda hata siku moja tangu ilipotiwa kichupani. Ungeifungua kiwandani kwenyewe ungeikuta ni maji vilevile. Kukaa siku 4 bila ubaridi si jambo la kutamani, lakini ndani ya kichupa cha kioo kilichofungwa barabara, gizani, kikiwa na hewa kidogo sana juu ya dawa, 13-HODE ni molekuli yenye ustahimilivu wa kuridhisha. Adui yake mkubwa ni oksijeni, kisha mwanga, na joto huja kuwasaidia hao wawili.

Ili uone kwa nini nasema hivyo, tuifuate molekuli yenyewe tangu mwanzo. Asidi ya linoleiki ina mnyororo wa kaboni 18 wenye vifungo maradufu viwili, kimoja kikianzia kaboni ya 9 na kingine kaboni ya 12. Kaboni ya 11 imebanwa katikati ya vifungo hivyo, na hidrojeni zake zimeshikiliwa kwa ulegevu kuliko nyingine zote katika mnyororo. Kimeng'enya kiitwacho lipoksijenasi ya 15 hunyakua hidrojeni moja hapo. Kifungo maradufu cha pili kinahama na kusogea karibu na cha kwanza, na oksijeni inatua kwenye kaboni ya 13. Kinachopatikana kwanza ni haidroperoksidi, ambayo ni kali na yenye haraka ya kushambulia vitu vingine. Seli haiiachi hivyo: vimeng'enya vya peroksidasi vinavyotumia glutathioni, ambavyo baadhi yake vina seleniamu, huipunguza ikawa haidroksili tulivu, na hiyo ndiyo 13-HODE yako. Lipoksijenasi huelekeza oksijeni upande mmoja tu, ndiyo sababu unapata aina ya S; R ni mwenzake, kama mkono wa kushoto kwa wa kulia. Hewa peke yake nayo inaweza kufanya kazi hiyo bila kimeng'enya, ila hutupa oksijeni ovyo, kwenye kaboni ya 9 na ya 13, upande wa S na wa R kwa kiasi sawa. Ushike ukweli huo mdogo, kwa sababu nitaurudia nitakapofika kwenye habari ya rasemiki.

Hapo ndipo ninapoweza kumjibu mama yako, naye anastahili jibu kamili. Katika alizeti ya aina za kawaida, linoleiki mara nyingi ndiyo asidi ya mafuta inayoongoza, ingawa zao linalokomaa kwenye joto kali huwa na oleiki nyingi zaidi. Linoleiki yenyewe ni lishe ya lazima. George Burr na mkewe Mildred waliliona hilo katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, walipowalisha panya chakula kisicho na mafuta na kuripoti mwaka 1929 na 1930 kwamba wanyama hao waliacha kukua na ngozi zao zikaharibika. Mwili hauwezi kuitengeneza, lazima tuile. Na katika mafuta ya kula linoleiki huwa imefungwa ndani ya trigliseridi, wala mtu hanywi mikromola 20 za 13-HODE ikielea peke yake kwenye midia yenye serumu haba. Mwambie mama mafuta yake hayaui seli. La kumshauri ni chupa: zile zinazopangwa kando ya barabara kuu, jua likizipiga kutwa nzima, ndizo hewa na mwanga vinazozifanyia kazi ile niliyoieleza hapo juu, na mafuta yanayokaangiwa tena na tena mpaka yakawa meusi yamekwenda mbali zaidi katika njia hiyohiyo. Ayauze yakiwa kivulini.

Sasa turudi mezani kwako. Mrija wa plastiki wa mililita 1.5 wenye mikrolita 20 za etanoli ndani yake ni karibu wote hewa. Kila ulipoufungua uliingiza oksijeni mpya, na kila ulipoufungua ukiwa bado baridi, unyevu wa Dar es Salaam au wa popote ulipo uliganda ndani ya mfuniko. Zaidi ya hapo, etanoli huendelea kuvukiza hata kwenye friza ikiwa mfuniko haukazi sawasawa, na kwa mikrolita 20, kupotea kwa mikrolita 6 au 7 hakuonekani kwa macho ila kunaifanya dawa iwe kali kwa nusu zaidi ya unavyodhani. Kwa hiyo mirija yako inaweza kuwa imeelekea pande mbili zinazopingana: mmoja umepungua nguvu kwa kuoksidishwa, mwingine umezidi kwa kuvukiza. Niliwahi kupoteza miezi miwili kwa jambo hili katika maabara niliyofunzwa, na tangu hapo sitii lipidi ya aina hii kwenye plastiki isipokuwa kwa dakika chache za kazi. Kukatika kwa umeme, ambako umekutaja kwa uchungu, kunanisumbua kidogo kuliko mirija hiyo. Saa chache za joto katika chombo kilichofungwa vizuri ni madhara madogo.

Vifo vya seli ni sura nyingine, na hapa naomba uchukue kikokotoo. Uzito wa molekuli ya 13-HODE ni 296.4. Mikrogramu 100 katika mikrolita 100 ni milimola 3.37 kwa lita. Ukitaka mikromola 10 katika mililita moja ya midia unahitaji mikrolita 3, yaani etanoli asilimia 0.3, ambayo tayari ni mara tatu ya kiwango cha asilimia 0.1 ambacho wengi wetu hujitahidi kutokivuka. Ulipopanda hadi mikromola 20 ulitia mikrolita 6, asilimia 0.6. Kundi lako la ulinganisho lilibaki kwenye mikrolita 3. Hivyo seli zilizokufa zilikuwa na etanoli maradufu ya zile ulizozilinganisha nazo, na huwezi kujua kilichoziua ni lipidi au ni pombe.

Siku hiyohiyo ulishusha serumu. Nadhani mtu alikuambia kwamba serumu huimeza dawa, na ni kweli, lakini tazama ukubwa wa badiliko lenyewe. Serumu ya ndama ina albumini inayokaribia mikromola 350. Kwa asilimia 10 una mikromola 35 hivi, na kila molekuli ya albumini ina sehemu kadhaa za kushika asidi za mafuta. Kwa asilimia 1 unabaki na mikromola 3.5 tu kuzishika 20. Lipidi iliyo huru, ambayo ndiyo inayogusa seli, haikuongezeka mara mbili kama ulivyokusudia, bali mara nyingi zaidi, na asidi ya mafuta iliyo huru kwa wingi huvuruga utando wa seli kama sabuni inavyofanya. Ulibadilisha mambo matatu kwa mpigo, na katika hayo ulikuwa na kundi la ulinganisho la hali ya zamani tu. Simlaumu mtu, nimeona kosa hili kwa watafiti wenye mvi.

Kabla hujatupa wala kununua chochote, pima. Vifungo maradufu viwili vilivyosogeleana katika 13-HODE hufyonza mwanga wa urujuanimno kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 234 au 235, na kigezo cha ufyonzaji wa molari, namba ya kugeuza usomaji kuwa kiasi cha dawa, ni kama 23,000. Hitaji lako ni spektrofotomita ya kawaida, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, na kuveti ya kwatsi, kwa kuwa ya plastiki au ya kioo cha kawaida huzuia mwanga huo. Chukua mikrolita 3 kutoka mrija mmoja wa zamani, zitie katika mikrolita 997 za etanoli safi, na usome kuanzia nanomita 220 hadi 320 ukilinganisha na etanoli ileile. Kama dawa iko sawa, kilele kitasoma karibu 0.23. Ukisoma 0.35, etanoli imevukiza na umekuwa ukizidisha dozi bila kujua. Ukisoma 0.12 pamoja na kinundu kipya karibu na nanomita 280, haidroksili imeanza kugeuka kuwa ketoni, na mrija huo usiutumie tena kwa seli. Fanya hivyo kwa mirija mitatu au minne, siyo mmoja.

Kipimo hiki kina mipaka ambayo lazima uijue. Hakitofautishi 9-HODE na 13-HODE, wala S na R, wala haidroksili na haidroperoksidi, kwa kuwa zote zina vifungo vilevile vilivyosogeleana. Kinakuambia kiasi na dalili za uharibifu wa wazi, basi. Ila kina faida ambayo wengi huisahau: asidi ya linoleiki iliyo safi haifyonzi mwanga pale kwenye 234. Ukiitumia linoleiki kama ulinganisho, na ni lazima uitumie, isome nayo. Ikionyesha kilele hapo, ujue hewa imekwisha kukutengenezea HODE ndani ya ulinganisho wako.

Vipi kuhusu wiki ya sita, dozi ileile, serumu ileile, na CD36 isipande? Dawa inaweza kuwa imechoka, lakini nawashuku na seli. THP-1 zilizokuzwa kwa wiki sita hazijibu tena kama zile za mwanzo, na namna unavyozigeuza kuwa makrofaji huathiri kiasi cha kipokezi cha PPARγ kilichomo, ambacho kikiamshwa huwasha jeni. Mwaka 1998 László Nagy, Peter Tontonoz na wenzao walionyesha kwamba 9-HODE na 13-HODE zilizomo katika kolesteroli ya LDL iliyooksidishwa huamsha kipokezi hicho katika makrofaji, na CD36 ni mojawapo ya jeni zinazoitikia. Kama kipokezi kimepungua, hata dawa mpya kabisa itakaa kimya. Njia rahisi ya kutenganisha shuku hizi ni rosiglitazoni, dawa ya kisukari inayokiamsha kipokezi hichohicho kwa nguvu. Mikromola 1 inatosha. CD36 ikipanda kwa rosiglitazoni na isipande kwa 13-HODE, tatizo liko kwenye lipidi. Isipopanda kwa vyote viwili, yeyusha seli za akiba kutoka kwenye naitrojeni ya maji uanze upya. Na ukipata ongezeko, lithibitishe kwa kukizuia kipokezi kwa kemikali iitwayo GW9662, kwa sababu HODE zina milango mingine: 9-HODE, kwa mfano, huamsha kipokezi cha GPR132, na zote mbili zimeonekana kuamsha TRPV1, mlango wa maumivu na joto kwenye neva. Kumbuka pia kwamba makrofaji huila 13-HODE, wakiichoma na kuifungasha ndani ya utando wao, kwa hiyo usomaji mmoja wa baada ya saa 24 unaweza kukuta mgeni ameshaondoka. Soma na saa ya 6.

Kuhusu rasemiki nitasema bila kuficha. Kama swali lako ni namna seli zinavyoitikia 13-HODE kwa jumla, rasemiki inafaa, tena inafaa sana kwa kutafuta dozi na kuzoeza mkono. Kama tasnifu yako inadai kwamba zao la lipoksijenasi ndilo linalofanya kazi, haifai peke yake, kwa kuwa nusu yake ni R, ambayo ni alama ya kazi ya hewa kuliko ya kimeng'enya hicho. Ningekuwa wewe, ningetumia rasemiki kwa majaribio yote ya kutafuta njia, na S iliyobaki ningeiweka kwa jaribio moja la mwisho lililopangwa vizuri, na ningeandika waziwazi ni ipi ilitumika wapi. Ipo na njia ya tatu, ya kujitengenezea: lipoksijenasi ya soya, ambayo Hugo Theorell na wenzake waliipata katika umbo la fuwele mwaka 1947, hugeuza linoleiki kuwa haidroperoksidi ya 13(S) katika pH ya 9, nayo hupunguzwa kwa sodiamu borohidridi. Kimeng'enya na malighafi ni nafuu. Kusafisha zao kwa kromatografia ndiko kazi ilipo, na hapo usijaribu peke yako; tafuta mwanakemia mwenye mashine na uzoefu akae nawe siku mbili.

Kuna mambo mengine yasiyoweza kumalizwa kwa barua. Ikiwa kinundu cha 280 kitaonekana hata kwenye kichupa kisichofunguliwa, peleka sampuli kwenye maabara yenye spektrometa ya masi kabla hujamlaumu muuzaji, na umwombe cheti cha uchambuzi cha fungu lako. Ikiwa usomaji wako unarukaruka kati ya rudio na rudio, pipeti zako zinahitaji kukaguliwa na fundi, maana kosa la nusu mikrolita kwenye mikrolita 3 ni kubwa. Na kwa kuwa watu wa wodini husikia kwamba lipidi hizi zinahusika na uvimbe na mishipa wakauliza kama zinaweza kujaribiwa kwa mgonjwa: hapana. Kilichoandikwa "kwa utafiti tu" hakijatengenezwa wala kukaguliwa kwa ajili ya mwili wa mtu au mnyama wa kutibiwa.

Kichupa chako cha tatu kishughulikie hivi. Kiache kwenye friza la -80 kama lipo, ndani ya kopo lililofungwa, mpaka umemaliza kupima mirija ya zamani na rosiglitazoni imekuonyesha kwamba seli zinaitikia. Siku ya kukifungua, kiache kipoteze ubaridi kabla hujagusa mfuniko. Vukiza etanoli kwa mkondo mwembamba wa naitrojeni, taratibu, na mara tu utakapoona ukuta wa kioo umebaki na utando mkavu, usiende kunywa chai: yeyusha hapohapo kwa mikrolita 34 za etanoli, upate myeyusho wa milimola 10 hivi kwa lita, kisha uusome kwenye 234 ujue ni ngapi hasa, maana kidogo hupotea. Mikrolita 2 katika 998 zinapaswa kusoma karibu 0.46. Gawa kwenye vichupa vidogo vya kioo cha rangi ya kahawia, kila kimoja kiwe cha jaribio moja, puliza naitrojeni juu yake, funga, na kikifunguliwa kisirudi friza.

Kwa myeyusho huo, mikromola 10 ni mikrolita 1 kwa mililita na mikromola 20 ni mikrolita 2. Kila kishimo, pamoja na vya ulinganisho, kipate jumla ya mikrolita 2, ukijazia kwa etanoli tupu panapopungua. Changanya kwanza katika midia yenye joto ndani ya kioo, ukizungusha, ndipo uihamishie kwa seli. Usidondoshe lipidi moja kwa moja juu yao. Serumu iwe moja kwa vishimo vyote, na ukitaka kuipunguza, lifanye hilo kuwa jaribio lake lenyewe. Na kama mtungi wa naitrojeni wa idara umekwisha, kichupa hicho kisifunguliwe siku hiyo.